Shomaji: maana yake, na kwa nini kwenye hesabu za Kongo haionekani

Jirani yangu wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ana diploma ya elektromekaniki. Asubuhi anakaa mbele ya nyumba na beseni la unga wa mahindi, anaupima kwa meka, kopo la kupimia. Mtu akimletea simu iliyoharibika, anaacha unga kwa mtoto na kuitengeneza. Siku nyingine anakwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kusaidia kupakua mizigo. Ukimwuliza anafanya nini, anajibu bila kufikiri: "Niko shomeri, ndugu." Yaani sina kazi; na hali hiyo ya kukosa ajira tunaiita shomaji, kutoka Kifaransa chômage.

Kwa wataalamu wa takwimu, jirani huyu ana ajira. Shirika la Kazi Duniani linamhesabu mtu kuwa hana ajira pale masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: hana kazi, yuko tayari kuianza sasa, na amekuwa akiitafuta. Na kuwa "na kazi" ni jambo dogo kuliko tunavyodhani. Saa moja tu ya kazi ya malipo au faida, ndani ya wiki anayoulizwa, inatosha. Kiwango cha ukosefu wa ajira ni idadi ya wasio na kazi ikigawanywa kwa nguvukazi yote, yaani wanaofanya kazi pamoja na wanaoitafuta. Aliyezunguka na barua za maombi miaka mitatu, akachoka, akaacha, hayumo hata kwenye nguvukazi. Amefutika.

Ndiyo maana makadirio ya shirika hilo yanaiweka Kongo (Jamhuri ya Kidemokrasia) karibu na asilimia 5, wakati Afrika Kusini imepita asilimia 30. Anayesoma namba hizo bila kuijua nchi yetu anaweza kusema vijana wa Johannesburg waje kutafuta kazi Lubumbashi. Ukweli ni kwamba kukaa bila kazi kabisa kunahitaji mtu au mfuko wa kukulisha. Kwetu CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inashughulikia pensheni, ajali za kazini na posho za familia. Malipo ya aliyepoteza kazi hayapo. Mtu akisimamishwa Ijumaa, Jumatatu lazima auze kitu.

Mwanauchumi wa Uingereza, Joan Robinson, aliliona jambo hili mwaka 1936. Aliliita kwa maneno yenye maana ya ukosefu wa ajira uliojificha: watu waliopoteza kazi nzuri wakaishia kuuza viberiti barabarani. Wanaonekana wana shughuli, lakini wanachozalisha ni kidogo sana kuliko wanachoweza. Hapo ndipo shomaji yetu ilipo.

Ili kuelewa kwa nini mtu mwenye beseni la unga anajiita shomeri, lazima ujue neno kazi lilivyokuwa hapa Lubumbashi. Tangu siku za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba iliyoanzishwa mwaka 1906, kazi ilikuja na nyumba ya kambini, mposho (mgao) wa unga, hospitali, na shule ya watoto. Wazee walisema "kazi ndjo baba, kazi ndjo mama", na walimaanisha hivyo hivyo. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967, iliendelea na utaratibu huo. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, nchi ikayumba, na kufikia 1994 uzalishaji haukufika hata tani 40,000. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wakalipwa waondoke "kwa hiari".

Watu elfu kumi waliondoka, na kiwango cha shomaji hakikupaswa kupanda sana kwa ajili yao: wengi walilima, walifungua vibanda, wengine walichimba kwa mikono. Lakini fuata mshahara mmoja uliokatika. Mama aliyekuwa akimkopesha mfanyakazi huyo bukari (ugali) na samaki hadi mwisho wa mwezi hana tena wa kumkopesha. Fundi cherehani anakosa sare za shule za kushona. Mwenye nyumba anasubiri kodi. Matumizi ya mmoja ni mapato ya mwingine, kwa hiyo hasara inatembea kutoka nyumba hadi nyumba mpaka inafika kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga mgodini.

Serikali nayo inapoteza. Mwenye mshahara rasmi anakatwa kodi ya mapato na mchango wa CNSS kila mwezi. Muuza unga analipa tiketi ya soko, basi. Wenye mishahara rasmi wakiwa wachache, hazina inaegemea migodi na forodha, na bei ya shaba ikianguka bajeti nzima inatikisika pamoja nayo. Tuliona mwisho wa 2008: tani moja ilishuka kutoka dola zaidi ya 8,000 hadi chini ya 3,000, makampuni mengi ya Katanga, eneo letu la migodi, yakafunga milango ndani ya miezi michache. Hiyo wataalamu huiita shomaji ya mzunguko, inayokuja na kuondoka na hali ya uchumi. Ya 2003 ilikuwa ya kimuundo: kazi zenyewe zilikufa. Kuna pia ile ya muda mfupi, ya mtu anayehama kazi moja kwenda nyingine, na hiyo haina madhara makubwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sasa shaba imerudi. Mwaka 2023 nchi ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5, na uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 8, kama mwaka uliotangulia. Lakini mgodi wa leo unaendeshwa na mashine kubwa na watu wachache, na madini yanasafirishwa kwa malori kwenda kumaliziwa nje. Pato la taifa linaweza kupanda huku Katuba pakibaki vile vile, kwa sababu kinachopanda ni thamani ya kilichochimbwa, wala si idadi ya mikono iliyolipwa.

Na ujuzi usiotumika unaoza. Juzi jirani alinitolea multimita yake, kifaa cha kupimia umeme, aliyoinunua akiwa mwanafunzi, bado iko kwenye kasha lake. Nilimwomba apime soketi ya nyumbani kwangu iliyokuwa ikitoa cheche. Aliishika, akaizungusha kidogo, akatazama alama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nina mwanga zaidi, maana alitaka kukumbuka kwanza sindano inaanzia wapi.