Je, wajua kwa nini twiga hazimii anapoinua kichwa?

Twiga akishakunywa maji, huinua kichwa kutoka usawa wa ardhi hadi zaidi ya mita 4 juu kwa sekunde chache tu. Binadamu akiamka ghafla kitandani huweza kuona giza kwa sababu damu imechelewa kufika kichwani. Mbona twiga haanguki?

Ubongo wa twiga mkubwa uko kama mita 2 juu ya moyo. Kuipandisha damu umbali huo peke yake kunamaliza shinikizo la milimita 150 hivi za zebaki (kipimo cha shinikizo la damu). Ndiyo maana shinikizo la wastani karibu na moyo wake hufika 200 na zaidi, takriban mara mbili ya letu. Wengi hudhani basi ana moyo mkubwa kupita kiasi. Sivyo. Moyo wake ni karibu nusu asilimia ya uzito wa mwili, kama wa mamalia wengine. Siri iko kwenye chumba cha kushoto: ukuta wake ni mnene sana na nafasi ya ndani ni finyu, kwa hiyo kila pigo hutoa msukumo mkali. Ndama hazaliwi na ukuta mnene hivyo. Unaongezeka kadiri shingo inavyorefuka.

Anapoinama kunywa, vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) pana za shingoni hujaa damu, zaidi ya lita moja. Damu inayorudi moyoni hupungua, na shinikizo hushuka, jambo linaloukinga ubongo. Akiinua kichwa, akiba ile humiminika moyoni mara moja, moyo hujaa na kusukuma kwa nguvu wakati ule ule ubongo unapoihitaji. Vali, yaani vilango vya kuzuia damu isirudi nyuma, ndani ya vena hizo huzuia damu ya mwilini isirudi kichwani.

Miguuni ndiko mzigo ulikozidi, kwani uzito wa damu yote iliyo juu huongezeka kwenye msukumo wa moyo. Mtu angevimba miguu. Twiga ana ngozi ngumu iliyobana kama soksi za wagonjwa wa mishipa, na ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) chini ya goti hupungua kipenyo ghafla.

Mfumo huu huyumba akipigwa sindano ya usingizi. Dawa hudhoofisha pumzi na udhibiti wa shinikizo, na chakula huweza kurudi kooni na kumpalia. Kwa hiyo madaktari wa wanyamapori humchoma dawa ya kuiondoa ile ya kwanza mara tu anapolala chini, humfunika macho, kisha watu humshikilia kwa mikono huku kichwa kikiwa juu kuliko tumbo.