Kobla ni ipi, na ipi si kobla

Siku hizi kila tunda lililofunikwa kwa kitu cha unga likatiwa oveni linaitwa kobla. Anayenyunyiza chenga za oti juu ya maembe anasema kapika kobla. Anayetumbukiza vipande vya matufaha ndani ya rojo la keki naye anasema kobla. Wapo hata wanaoponda biskuti za dukani, wakazimwaga juu ya nanasi la kopo na kuita matokeo yake kobla ya haraka. Vyote hivyo vinalika, na vingine ni vitamu hasa. Lakini kobla ni chakula chenye umbo lake, na anayelijua umbo hilo hupika vizuri zaidi kuliko asiyelijua.

Kwa ufupi: kobla ni matunda mengi yenye maji yake, yaliyotandazwa katika chombo kipana, yakafunikwa kwa kinyunga laini cha unga wa ngano, kisha vyote vikaokwa pamoja mpaka juisi ichemke na kuwa nzito huku kinyunga kikiiva. Kwao ni Marekani, hasa majimbo ya Kusini, na iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya pichi. Haikatwi kwa kisu kama pai. Huchotwa kwa kijiko ikiwa bado vuguvugu, na wengi huiongezea aiskrimu ya vanila.

Neno la kushikilia hapo ni kinyunga. Kinyunga kimekandwa au kimekorogwa kwa maji ya aina fulani, aghalabu maziwa au mtindi, na ndani yake mna beking pauda. Kikidondoshwa kwa madonge juu ya matunda yanayotokota, kinapata moto wa namna mbili kwa wakati mmoja. Juu, joto kavu la oveni linakikausha na kukitia rangi ya dhahabu. Chini, mvuke wa matunda unakipika bila kukikausha, na juisi inakipenya. Donge moja, basi, juu ni mkate wenye ganda na chini ni laini, limelowa utamu. Mkutano huo wa mkavu na mbichimbichi ndio kobla yenyewe. Ukiuondoa, umebaki na tunda na unga tu.

Anayejua mkate wa kumimina wa Unguja hahitaji kuelezwa sana habari ya moto wa juu na chini, maana mkate ule ulipikwa miaka mingi kwa makaa chini ya chombo na mengine yaliyopaliwa juu ya kifuniko. Kobla nayo ilipikwa hivyo hivyo. Walowezi wa Marekani waliokuwa wakihamia magharibi katika karne ya 19 hawakuwa na oveni za matofali njiani. Walikuwa na chungu kizito cha chuma chenye miguu mifupi, na kifuniko chake kilikuwa na ukingo ulioinuka ili makaa yasiporomoke. Pai yenye ganda jembamba, la kusukumwa na kukunjwa kwa ustadi, ilihitaji meza, ubaridi na nafasi. Donge la unga lililochotwa kwa kijiko halikuhitaji chochote katika hivyo.

Sasa tuje kwenye chenga, maana hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Krispi na krambo ni matunda yaliyofunikwa kwa unga, sukari na siagi vilivyosuguliwa kwa vidole mpaka vikawa chengachenga. Krispi huwa na oti au lozi zaidi. Krambo kwa kawaida haina. Krambo ni ya Waingereza, na ilishika sana majumbani mwao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, siagi na sukari zilipokuwa za mgao, kwa kuwa chenga hula siagi kidogo kuliko ganda la pai. Katika chenga hakuna maziwa, na kwa kawaida hakuna beking pauda. Haziumuki, haziwi mkate. Kazi yake ni kukauka na kutoa sauti chini ya meno. Kinyunga cha kobla kina kazi nyingine kabisa, nayo ni kuumuka juu ya mvuke na kunywa juisi. Kwangu mimi tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya wali na ubwabwa, na inanisikitisha inapopuuzwa na watu wanaofundisha mapishi.

Sehemu ya mkanganyiko imeletwa na biskuti. Mapishi ya Kimarekani husema kobla hufunikwa kwa biskuti, na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anakwenda dukani kununua pakiti. Ila biskuti ya kule Kusini mwa Marekani si kitu kikavu cha kuchovya kwenye chai. Ni mkate mdogo mlaini, wa unga, siagi baridi, mtindi na beking pauda, unaoliwa moto asubuhi. Kinyunga chake kikiwa kibichi ndicho kinachowekwa juu ya matunda. Zile za pakiti zilishaokwa. Haziwezi kuiva mara ya pili, zitalowa au zitaungua.

Kwa haki lazima niseme pia kwamba kobla haijawahi kuwa na sura moja. John Russell Bartlett, katika toleo la 1859 la kamusi yake ya maneno ya Kimarekani, anaieleza kama aina ya pai inayookwa katika chungu kilichotandikwa kinyunga kinene ndani yake, matunda yakawekwa juu. Kwa hiyo zamani kinyunga kilikaa hata chini, na mpaka leo zipo nyumba za Kusini zinazofunika kobla kwa vipande vya ganda la pai. Wengine hawatumii madonge bali rojo. Huyeyusha siagi katika chombo, humimina juu yake rojo la unga, sukari na maziwa kwa vipimo sawa, kisha hupanga matunda juu bila kukoroga. Beking pauda inapofanya kazi, rojo linapanda na kuyazunguka matunda, na kilichokuwa chini kinatokea juu. Hizo zote nazikubali, kwa sababu katika zote kuna unga uliolowa, unaoivia pamoja na matunda mengi na kuchotwa kwa kijiko. Neno lenyewe wanakamusi hawajakubaliana limetoka wapi. Wapo wanaosema madonge yaliyokaribiana juu ya chombo yanafanana na mawe ya mviringo, kwa Kiingereza cobbles, yaliyotandikwa barabarani zamani. Hata kama dhana hiyo si sahihi, inaonyesha macho ya watu yalikuwa yanatazama nini. Yalitazama madonge.

Kuna na ndugu zake. Huko New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, matunda yale yale yakichemshwa jikoni, yakafunikwa, madonge yakaiva kwa mvuke mtupu bila oveni, chakula kinapewa jina jingine, grunt au slump.

Kikaango cha chuma cha kusubu kinaingiaje? Wengi wanadhani ndicho kinachoifanya kobla kuwa kobla. Sivyo, bakuli la udongo au trei ya kioo inatosha. Lakini kikaango hicho kina faida moja kubwa, nayo ni kwamba kinatoka jikoni na kuingia oveni bila kubadilisha chombo. Chuma cha kusubu ni chuma chenye kaboni kama asilimia 2 hadi 4, kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Hakipitishi joto haraka kama aluminiamu, ila ni kizito, na joto kikishalimeza hakiliachii upesi. Kile cha sentimita 25 kina uzito wa zaidi ya kilo mbili. Kisichanganywe na kikaango cheusi cha aluminiamu kilichopakwa dawa ya kuzuia kugandisha, ambacho mpini wake wa plastiki unaweza kuharibika ndani ya oveni.

Weka basi pichi zilizomenywa, kama kilo moja, katika kikaango hicho juu ya moto wa wastani, pamoja na gramu 100 za sukari, kijiko kikubwa cha konflawa na maji ya ndimu. Zikianza kutokota, dondosha madonge ya kinyunga: gramu 200 za unga, vijiko vidogo viwili vya beking pauda, chumvi kidogo, gramu 80 za siagi baridi iliyosuguliwa ndani, na mililita 150 za mtindi. Acha nafasi kati ya donge na donge mvuke upite. Oveni iwe ya nyuzi 200 za Selsiasi, na dakika 30 hadi 35 hutosha. Matunda yakiwa ya baridi wakati wa kuweka madonge, juu kutaiva na chini kutabaki ute mbichi, na hilo ndilo kosa linalowavunja moyo wengi. Maembe yasiyoiva mno yanafaa vilevile. Ikibaki, ihamishie chombo kingine, kwa sababu asidi ya matunda ikilala ndani ya chuma hula ule utando wa mafuta yaliyokaushwa na kukiachia chakula ladha ya chuma.

Aliyefunika maembe yake kwa chenga za oti, kwa hiyo, hakuharibu kitu. Amepika krispi, na krispi ina heshima yake. Aiite hivyo tu. Na siku akitaka kobla hana haja ya kuanza upya. Unga na siagi alivyokwisha kuvisugua, kabla ya kutia oti, avitilie beking pauda na mtindi, akoroge kidogo kwa uma mpaka vishikane, kisha adondoshe kwa kijiko juu ya maembe yanayotokota.