Tezi dume si korodani

"Tezi dume ni mambo ya wazee, mimi bado." Aliyesema hivyo ana miaka 27, na alikuwa anatueleza habari ya kijiuvimbe kwenye korodani yake ya kulia. Wenzangu wakaitikia kwa kichwa. Mimi nikashindwa kunyamaza.

Saratani ya korodani ni ile inayoanzia ndani ya korodani zenyewe, zile mbili zilizomo kwenye mfuko wa pumbu. Maana yake ndiyo hiyo, haina fumbo.

Fumbo liko kwenye tezi dume. Hicho ni kiungo kingine kabisa, kimoja tu, kimejificha chini ya kibofu cha mkojo na kuuzunguka mrija wa mkojo. Huwezi kukishika mwenyewe. Daktari hukifikia kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wako wanaokiita tezi kibofu, na kwangu hilo ndilo jina la busara, maana linakuonyesha kilipo. "Dume" linakupeleka moja kwa moja kwenye pumbu. Na kusema kweli, korodani nayo ni tezi, tena ya kiume, kwa hiyo anayekosea simlaumu sana.

Ninachokilaumu ni aibu yetu. Pumbu limekuwa tusi, kende ndiyo kabisa halitamkiki mbele za watu, na hata korodani watu hulinong'ona. Tezi dume lina harufu ya hospitali, linasemeka hata mbele ya wakwe. Basi tukaliazima litusitiri, na umri wake ukaja nalo. Saratani ya tezi dume huwapata zaidi waliovuka miaka 50. Ya korodani huwapata hasa walio kati ya miaka 15 na 40. Lance Armstrong, yule mwendesha baiskeli, aligundulika nayo mwaka 1996 akiwa na miaka 25, wakati imeshafika kwenye mapafu na ubongo. Alitibiwa akapona. Ikiwahiwa mapema, hupona kwa wagonjwa walio wengi mno, na hata korodani moja ikiondolewa, kwa kawaida inayobaki inatosha kuzaa.

Tofauti nyingine ni kwamba korodani unazifikia kwa mkono wako. Ukishaoga maji ya moto pumbu hulegea. Ibiringishe korodani moja kati ya dole gumba na vidole, taratibu, kisha nyingine. Moja kuning'inia chini kuliko mwenzake ni kawaida. Kule nyuma utagusa kitu laini kama kamba iliyojikunja: hicho umezaliwa nacho, usikimbilie kuandika wosia. Kinachotakiwa kukupeleka kwa daktari ni kitu kigumu kilichoota kwenye korodani yenyewe, hata kama ni kidogo kama punje ya mchele, au korodani iliyokua au kuwa nzito kuliko ulivyoizoea. Usingoje iume, kwani mara nyingi haiumi. Huenda ikawa busha au ngiri tu, lakini hilo litajulikana kwa kipimo cha altrasaundi, si kwa kubahatisha kijiweni.

Yule jamaa nilimuuliza taratibu: "Hiyo unayoisema, umeishika kwa mkono wako?" Akasema ndiyo. "Basi, ndugu yangu, hiyo si tezi dume."