Je, wajua? Nesi mwenye msalaba mwekundu kifuani hakuwa nesi wa jeshi

Uliza pale stendi ya Moshi alama ya nesi wa vitani ni ipi, utajibiwa papo hapo: msalaba mwekundu. Ndio uliochorwa kwenye masanduku ya huduma ya kwanza, hata kwenye kuta za maduka ya dawa (ambayo, kwa Mkataba wa Geneva wa 1949, hayana ruhusa nao). Lakini katika Vita Kuu ya Kwanza, iliyofika Moshi yenyewe Waingereza walipouteka mji kutoka kwa Wajerumani Machi 1916, jibu hilo lingekuelekeza kwa mtu mwingine kabisa.

Kwa Waingereza, aliyevaa msalaba mwekundu kwenye kifua cha aproni alikuwa mwanamke wa kujitolea wa chama cha Msalaba Mwekundu, mara nyingi mwenye mafunzo mafupi tu. Sista wa jeshi, aliyesomea uuguzi miaka 3, ulimtambua kwa kijoho chekundu cha mabegani juu ya gauni la kijivu. Wa akiba alivaa kijoho cha kijivu chenye ukingo mwekundu. Beji ya sista wa jeshi nayo ilikuwa na msalaba, ila wa Denmark! Kikosi chake kiliundwa 1902 kwa jina la Malkia Alexandra, naye alizaliwa huko.

Msalaba mwekundu ulikuwa na kazi nyingine. Tangu mkataba wa 1864, watoa huduma waliruhusiwa kuuvaa kwenye kitambaa cha mkononi kilichotolewa na jeshi, ili adui asiwashambulie. Ni kama mstari wa rangi ubavuni mwa daladala: aliye kituoni anajua gari linakwenda wapi, lakini hajui nani humo ndani mwenye kauli, dereva au kondakta. Msalaba ulisomwa na adui. Cheo cha nesi kilisomwa na wenzake. Na kinga yenyewe ilikuwa na masharti: anayeutumia kufanya uhasama huipoteza.

Cheo sasa ndicho kilichochelewa. Kanuni zilimpa sista wa Uingereza mamlaka hospitalini, chini ya madaktari wa jeshi, bila nyota hata moja. Masista wa Kanada katika vita hiyohiyo walikuwa maluteni, na nyota 2 begani, zilezile anazovaa luteni wetu. Waingereza walisubiri hadi 1941, vita ya pili ikiwa imeshapamba moto, ndipo manesi wao wakapewa vyeo vya afisa.