Je, wajua? Kiduha cha pinki na kiduha chekundu ni mimea miwili tofauti kabisa

Ukipita mashamba ya mahindi na mtama kanda ya ziwa, Mwanza na Mara mpaka uvuke Kenya ufike Siaya na Busia, utakuta maua ya pinki ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, yamejipanga katikati ya mahindi yaliyodumaa, na ni mazuri kweli, yaani mtu asiyelima anaweza kuyachuma akaweka mezani. Sasa shuka Morogoro, au nenda Kyela kwenye mpunga unaotegemea mvua, hapo unakuta kijiua kidogo chekundu cha kung'aa na mazao yamedumaa vilevile. Kwetu Tanzania vyote viwili tunaita kiduha (Wajaluo wanasema kayongo) na tunaishia hapo, lakini hao ni ndugu wawili: wa pinki ni Striga hermonthica, mwekundu ni Striga asiatica.

Unawatofautishaje? Wa pinki ni mrefu, mara nyingi anafika magotini au zaidi, mwekundu ni mfupi, kama shubiri moja hivi na pengine kidogo zaidi, na ua lake ni dogo sana. Ila rangi isikudanganye, huko Asia huyo mwekundu anatoa hadi maua ya njano, na ua likishanyauka rangi haisomeki tena. Kipimo cha uhakika mimi naona ni kile kikombe cha kijani kinachoshika ua kwa chini. Kichume, kigeuze kwenye mwanga, uhesabu mistari iliyotuna kutoka chini kwenda juu. Ikiwa mitano ni wa pinki, ikiwa kumi au zaidi ni mwekundu. Mara ya kwanza utahangaika maana kikombe chenyewe ni kidogo, ukizoea unafanya haraka tu.

Kuishi wanaishi sawa. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, inakaa udongoni zaidi ya miaka kumi ikisubiri, mpaka mzizi wa mhindi utoe kemikali fulani ndipo inaota na kujishika kwenye huo mzizi ianze kunyonya maji na chakula, kwa hiyo ukija kuona ua juu ya ardhi ujue mhindi umeshaumia zamani.

Wanapoachana sana ni kwenye uzazi, na hapa ndipo naomba mkulima asikilize vizuri. Wa pinki hawezi kujichavusha, lazima mdudu amletee chavua kutoka kwa mwenzake. Mwekundu anajichavusha mwenyewe, hahitaji nyuki wala kipepeo, mmoja tu akiwa peke yake shambani anazaa maelfu ya mbegu. Mwaka 1956 huyuhuyu mwekundu aligundulika kwenye mahindi kule Carolina, Marekani, ng'ambo ya bahari, na kumpiga vita kumewachukua zaidi ya miaka hamsini.

Kwa hiyo kama eneo lako lina kiduha chekundu usiseme aah kako kamoja tu, ngoja nipalilie wiki ijayo. Kang'oe leo kabla hakajatoa maua, na kama kameshaanza kukomaza mbegu usikatupe pembeni ya shamba wala usiwape ng'ombe, kachome moto.