Je, wajua? Injini iliyozimwa ndiyo iliyoiangusha roketi

Tarehe 3 Agosti 2008, katika kisiwa kidogo cha Omelek kwenye Visiwa vya Marshall, roketi ya kampuni ya SpaceX iitwayo Falcon 1 iliruka bila tatizo. Ilipaa vizuri, na kabla ya dakika tatu kutimia injini yake kubwa ikazimwa kama ilivyopangwa, sehemu ya chini ikaachana na ya juu. Kisha ile ya chini, ambayo kazi yake ilikuwa imekwisha na ilitakiwa ianguke baharini, ikaifuata mwenzake na kuigonga kwa nyuma. Safari ikaishia hapo. Injini iliyozimwa ilipata wapi nguvu ya kuikimbiza sehemu ya juu?

Nilipokutana na kisa hiki mara ya kwanza nilikuwa na jibu tayari: lazima vile visukuma vya kutenganisha sehemu mbili vilikuwa dhaifu. Injini nikaiondoa kabisa kwenye orodha ya washukiwa. Hoja yangu ilikuwa kwamba roketi husonga kwa kuisukuma hewa iliyo chini yake, na huko juu hewa karibu haipo. Hivyo hata kama kulikuwa na moshi kidogo uliobaki, ungesukuma nini?

Nilikosea, tena nilikosea kinyume kabisa. Roketi haiegemei hewa. Kaa kwenye mtumbwi uliotulia, uwe na rundo la nazi, uzirushe kwa nguvu moja moja kuelekea tezi, yaani nyuma. Mtumbwi utasogea upande wa omo, yaani mbele. Nazi haihitaji kugonga ukuta wala kutua majini ndipo mtumbwi usogee. Msukumo umeshapatikana pale nazi ilipotoka mkononi. Nazi za roketi ni gesi ya moto. Hewa ya nje haisaidii chochote katika biashara hii, bali inapinga: inaugandamiza mdomo wa injini kutoka nje na kupunguza msukumo. Ndiyo maana injini ileile husukuma kwa nguvu zaidi ikiwa kwenye ombwe, mahali pasipo na hewa, kuliko ikiwa ufukweni.

Walau katika kosa hili nina wenzangu wenye majina. Januari 1920 gazeti la New York Times liliandika tahariri ya kumkejeli Robert Goddard, mtaalamu wa roketi wa Marekani, kwa kudhani kwamba roketi inaweza kufanya kazi mahali pasipo na hewa. Masahihisho yalichapishwa tarehe 17 Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini. Walichukua miaka 49, lakini walisahihisha.

Turudi Omelek. Injini ya safari hiyo, Merlin 1C, ilikuwa mpya. Ile iliyoitangulia ilijikinga na joto kwa tabaka la ndani lililokuwa likiungua na kulika polepole. Mpya ilipoozwa kwa mafuta yake yenyewe, mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, yakipita kwenye vijia vyembamba ndani ya kuta zake kabla ya kwenda kuungua. Ni ufundi mzuri, ila una mkia. Anayepikia gesi anaujua: ukifunga mtungi, moto jikoni hauzimiki papo hapo. Gesi iliyobaki kwenye mpira huendelea kuungua kidogo, halafu ndiyo unasikia kimya. Vivyo hivyo, mafuta yaliyobaki kwenye vile vijia yalikutana na mabaki ya oksijeni, yakaendelea kutoa msukumo mdogo sana. Mdogo, lakini ulitosha kuvishinda vile visukuma.

Wahandisi walijua kwamba mkia upo na walikuwa wameutengea muda. Hawakujua ulivyo mrefu. Na injini hiyo ilikuwa imewashwa na kuzimwa ardhini kwenye majaribio; mbona vipimo havikusema?

Hapa ndipo kisa kinaponifurahisha. Katika pumzi zile za mwisho, mgandamizo ndani ya chumba cha mwako ulikuwa kama pauni 10 kwa inchi ya mraba. Hewa tunayotembea ndani yake hutugandamiza kwa karibu pauni 14.5. Chukua daladala saa ya jioni: ndani abiria 10 wanataka kushuka, kituoni 15 wanataka kupanda, mlango ni mmoja. Anayehesabu wanaoshuka akiwa ng'ambo ya barabara ataandika sifuri, au karibu na sifuri. Wapeleke abiria walewale 10 kwenye kituo kisicho na mtu, watamiminika wote. Majaribio ya ardhini yalifanyika kwenye kituo kilichojaa. Falcon 1 ilifungua mlango wake kwenye kituo kitupu.

Mfano huu usiuvute mbali. Molekuli za gesi hazigombanii mlango kwa viwiko, na takwimu hizo ni za kampuni yenyewe, SpaceX, iliyozitoa siku chache baada ya ajali. Pia usihitimishe kwamba majaribio ya ardhini ni bure; kwa mwako wenyewe, wenye mgandamizo mkubwa mara nyingi zaidi, yalisema kweli.

Wala hii haikuwa ajali ya kwanza. Machi 2006 roketi ya kwanza ya aina hiyo ilivuja mafuta, ikashika moto na kuanguka karibu na ilikorukia. Mwanzoni kidole kilielekezwa kwa mafundi, baadaye ikaonekana ni nati ya alumini iliyoliwa na chumvi ya bahari, jambo ambalo mtu wa Pwani mwenye bati juu ya nyumba asingelistaajabia. Machi 2007 ya pili ilifika mbali, kisha oksijeni kimiminika ikaanza kusukasuka ndani ya tangi lisilo na vizuizi hadi roketi ikashindwa kujiongoza. Wachota maji huweka majani juu ya ndoo kwa sababu hiyohiyo. Lakini hakuna hata moja kati ya ajali hizo ambayo ingeufichua ule mkia, kwani roketi zote mbili zilirushwa kwa injini ya zamani.

Tiba ya mkia haikudai chuma kipya. Waliongeza sekunde chache kati ya kuzima injini na kuachanisha sehemu mbili. Tarehe 28 Septemba 2008, wiki nane baadaye, roketi ya nne iliruka kutoka kisiwa kilekile. Haikubeba setilaiti ya mteja, bali mzigo wa bandia wa kilo 165 hivi. Injini ikazimwa, wakasubiri. Kwenye picha za kamera iliyofungwa sehemu ya juu, ile ya chini inaonekana ikibaki nyuma, ikipungua kidogo kidogo, na safari hii haikurudi.