Sinodi: neno la Walutheri waliofika Marekani bila mfalme

Aliyelelewa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) akianza kusoma habari za Walutheri wa Marekani hukwama mapema kwenye neno sinodi. Kulikuwa na Sinodi ya Missouri, ya Augustana, ya Norway, ya Hauge, ya Buffalo, ya Suomi. Wote Walutheri, wote walifundisha kipaimara kwa Katekisimu Ndogo ile ile ya Luther, ila baadhi yao hawakukubali hata kushiriki meza moja ya Bwana. Sasa sinodi ni kitu gani hasa?

Kwa asili ni neno la Kigiriki, lenye maana ya kushika njia moja pamoja. Kanisani likawa jina la mkutano wa kuamua mambo. Marekani likaongezeka maana: lile kundi la sharika zinazotuma wajumbe kwenye mkutano huo nalo likaitwa sinodi.

Sababu yake iko Ulaya. Norway, Sweden au Prussia (ufalme wa Kijerumani), kanisa lilikuwa mali ya mfalme kama lilivyokuwa jeshi. Mtoto alizaliwa, akabatizwa, akaandikwa kwenye daftari la parokia, na mchungaji alikuwepo tu, hakuna aliyeulizwa kama anamtaka. Mhamiaji aliposhuka melini New York au Philadelphia hakumkuta mfalme wala askofu. Akitaka ibada, ilibidi yeye na majirani wachange, wajenge, kisha waandike barua Ulaya kuomba mchungaji. Henry Melchior Muhlenberg, mchungaji aliyetumwa kutoka Halle, Ujerumani, alifika mwaka 1742 na kukuta wahubiri waliojiteua wenyewe wameshaanza kuwaongoza baadhi ya Wajerumani wa Pennsylvania. Mwaka 1748 akawakusanya wachungaji na wajumbe wa sharika, na hicho ndicho chombo cha kwanza cha Kilutheri kilichodumu nchini humo.

Wengine walihama kwa sababu ya mfalme mwenyewe. Kuanzia 1817 mfalme wa Prussia alitaka Walutheri na Wareformati (wafuasi wa Calvin) wawe kanisa moja. Waliokataa waliitwa Walutheri wa Kale. Kundi la mchungaji August Kavel lilikimbilia Australia Kusini mwaka 1838, na mwaka uliofuata kundi la Johannes Grabau likaelekea Buffalo.

Kisa kinachoeleza sinodi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni cha watu wa Saxony, Ujerumani. Walikodi meli tano mwishoni mwa 1838 wakiongozwa na Martin Stephan, waliyemfanya askofu wao. Meli moja, Amalia, ilipotelea baharini. Waliosalia walipanda mto Mississippi hadi Perry County, Missouri, na kabla hata hawajatulia, Stephan akatuhumiwa kwa mambo ya wanawake na fedha. Walimvua uaskofu mwaka 1839, wakampakia kwenye mashua na kumvusha ng'ambo ya mto, Illinois. Ndipo hofu ikawaingia: tumeacha kanisa letu, tumemfukuza askofu wetu, je, sisi bado ni kanisa? Kijana C. F. W. Walther aliwajibu katika mdahalo wa Altenburg mwaka 1841: lilipo Neno la Mungu na sakramenti, kanisa lipo, hata bila askofu. Mwaka 1847, mjini Chicago, wazo hilo likaingia kwenye katiba ya Sinodi ya Missouri: sinodi inaushauri usharika, haiuamrishi. Anayeona kwetu barua kutoka dayosisi ikisomwa madhabahuni atajua tofauti ilivyo kubwa.

Wanorway nao hawakutosheka na sinodi moja. Waliomfuata Hauge, mkulima mhubiri aliyewahi kufungwa kwa kuhubiri bila ruhusa, walipenda mikutano ya sala majumbani. Wasomi wa Sinodi ya Norway, iliyoanza 1853, walishika kanzu na liturujia. Wadani waligawanyika hivyo hivyo, hadi wakapachikwa majina: Wadani wenye furaha, waliocheza ngoma zao za kiasili, na Wadani watakatifu, walioona ngoma ni dhambi. Aliyewahi kukaa kwenye baraza la wazee wa kanisa hatashangaa.

Kwa hiyo sinodi ilibeba mafundisho, lakini ilibeba pia lugha na ugomvi wa nyumbani, na hata jikoni haikukosekana. Waswidi waliamka gizani kwenda ibada ya alfajiri ya Krismasi, Julotta. Wanorway walikula lutefisk, samaki mkavu aliyelowekwa kwenye magadi makali hadi akawa kama ute. Vijana walimkimbia, lakini chakula cha jioni cha lutefisk kikawa njia ya usharika kuchangisha fedha, na hadi leo tiketi zake zinauzwa.

Lugha ilikuwa na wakati mgumu zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Kijerumani kilionekana ni cha adui. Mwaka 1918 gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni hadharani, kwenye simu na hata kanisani. Mwalimu wa shule ya Kilutheri Nebraska, Robert Meyer, alitozwa faini kwa kumsomesha mtoto Kijerumani, na Mahakama Kuu ya Marekani ikamtetea mwaka 1923. Sinodi ya Missouri walikuwa wameshafuta neno "Kijerumani" kwenye jina lao mwaka 1917. Wanorway walifuta "Norway" kwenye la kwao mwaka 1946.

Watoto walipoanza kusali kwa Kiingereza, sababu nyingi za kutengana ziliisha, na miungano ikafuatana. Kanisa kubwa la Kilutheri lililozaliwa 1988 bado lina sinodi, ila sasa ni maeneo ya kijiografia yenye maaskofu, karibu sawa na dayosisi zetu. Sinodi ya Missouri hawakujiunga nalo.

Neno hili lilifika hata Tanzania. Wamisionari wa Sinodi ya Augustana, ya Waswidi wa Marekani, walifanya kazi Iramba na Singida baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuwaondoa Wajerumani, na KKKT ya Kati iliitwa sinodi kabla ya kuitwa dayosisi. Huko Minnesota nako, Sinodi ya Saint Paul ina ushirika wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa, na wajukuu wa wale wahamiaji wanauita kwa Kiswahili: Bega kwa Bega.